Sumu ya nyoka: Mate yaliyogeuka silaha

UKIPITA Kibabii, kilomita chache kutoka mjini Bungoma ukifuata barabara ya Chwele, katika mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili, huwezi kukosa kusikia chinyimba zikilia. Hizo ni kengele za mkononi ambazo vijana wa Kibukusu huzipiga wakizunguka kuwaalika jamaa zao kwenye tohara. Mwulize mzee yeyote wa pale desturi hii ilianza vipi, naye atakusimulia habari za nyoka.

Wazee husema kuwa zamani za kale palikuwa na joka kubwa lililoishi pangoni na kuwamaliza watu na mifugo. Shujaa mmoja jina lake Mango, wa ukoo wa Bakhurarwa, alijificha ndani ya pango hilo akalingojea. Liliporudi, alilikata kichwa. Kwa ushujaa huo akatahiriwa, na tangu hapo Wabukusu wakaishika desturi hiyo. Wapo wasimulizi wanaoongeza kwamba kile kichwa kilichokatwa kiliruka kikauma mti uliokuwa karibu, nao ukanyauka majani papo hapo.

Msomaji, hadithi ni hadithi. Hata hivyo, ndani ya hii mna maswali mawili mazuri ya sayansi. Je, kichwa cha nyoka kilichokatwa kinaweza kuuma? Ndiyo. Neva za taya huendelea kufanya kazi kwa dakika nyingi baada ya kichwa kukatwa, na wapo watu walioumwa na nyoka waliyedhani amekwisha kufa. Waonye watoto wasimchezee. Je, sumu ya nyoka inaweza kukausha mti papo hapo? La. Sumu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mti. Ni kama ufunguo uliochongwa kwa kufuli fulani, na makufuli yake yamo katika damu, misuli na neva za wanyama. Mti hauna hayo.

Basi ufunguo huo ulichongwa vipi, na kwa muda gani? Habari hii si ya kujiburudisha tu. Ndiyo inayoamua, hata leo, ni dawa ipi itakayomwokoa jamaa yako akiumwa shambani na ni ipi itakayokuwa sawa na maji matupu.

Sumu ya kula na sumu ya kudungwa

Kiswahili kina neno moja tu, sumu, kwa vitu viwili tofauti. Muhogo mchungu una sumu, na uyoga wa porini pia. Sumu hiyo hukudhuru ukiila. Lakini sumu ya nyoka, nge au nyuki ni ya namna nyingine: sharti iingizwe mwilini kwa jino, mwiba au mkuki mdogo. Mnyama wa aina hii anahitaji vitu viwili, yaani tezi ya kutengeneza sumu na chombo cha kuidungia.

Wataalamu wanakadiria kuwa aina zaidi ya 200,000 za wanyama wana silaha hii. Jambo la kushangaza ni kwamba hawakuirithi kutoka kwa babu mmoja. Sumu ya kudungwa imezuka upya zaidi ya mara 100 katika makundi mbalimbali ya wanyama, kila kundi kwa njia yake. Konyeza wa baharini ndio wakongwe wao, kwani ukoo wao umekuwa na silaha hii kwa zaidi ya miaka milioni 500. Nge nao wamekuwapo kwa zaidi ya miaka milioni 400. Ukiwalinganisha na hao, nyoka ni wageni waliofika baadaye sana.

Isitoshe, nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Duniani kuna aina zaidi ya 3,000 za nyoka, na Shirika la Afya Duniani husema kuwa kiasi cha 600 ndio wenye sumu. Kati ya hao, 200 na ushei ndio wanaoweza kumletea binadamu madhara makubwa. Hapa Kenya tuna aina zaidi ya 100, na walio wa hatari ni wachache.

Panga la pili

Ili uelewe sumu ilivyozuka, fikiria nyumba yenye panga moja tu. Panga hilo ndilo la kukatia kuni, kufyekea ua na kuchinjia kuku. Huwezi kulichonga liwe kitu kingine, kwa kuwa kazi za nyumbani zitakwama. Lakini ukipata panga la pili, unaweza kulinoa na kulipinda utakavyo, na la kwanza likaendelea na kazi zake.

Hivyo ndivyo ilivyotokea ndani ya seli za nyoka. Kila mnyama ana jeni, yale maagizo yanayouambia mwili utengeneze protini gani. Mara kwa mara, mwili unaponakili jeni ili kuzirithisha, jeni moja hunakiliwa mara mbili kwa bahati. Nakala ya kwanza huendelea na kazi yake ya kawaida. Nakala ya pili huwa huru kubadilika, kizazi baada ya kizazi.

Sasa mfikirie nyoka wa kale. Hana mikono wala miguu, na chakula chake ni panya mwenye meno makali na kucha. Kila windo ni hatari kwake, kwa maana panya anayepigania roho yake anaweza kumtoboa jicho. Nyoka ambaye mate yake yalimlegeza panya hata kidogo tu alipata chakula kwa urahisi na kuishi kuliko wenzake. Alizaa watoto wengi zaidi, nao wakarithi mate yale. Baada ya mamilioni ya miaka ya mchujo wa namna hii, mate yakawa sumu kali. Hakuna aliyekaa akapanga. Aliyefaulu alizaa, na aliyeshindwa alitoweka.

Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya sumu yenyewe. Sumu ya nyoka mmoja ni mchanganyiko wa protini nyingi, na karibu kila mojawapo ina ndugu yake anayefanya kazi ya amani mwilini. Chukua mfano wa kongosho lako. Kiungo hicho hutoa kimeng'enya cha kuyeyusha mafuta ya chakula ulichokula. Ndugu wa kimeng'enya hicho hicho yumo katika sumu ya swila, ambapo hutoboa ngozi za seli. Kifutu naye, ambaye wengine humwita bafe, anacho kimeng'enya cha ukoo huo, lakini babu zake walikichukua kutoka tawi jingine, lile linalotumika mwili unapopambana na majeraha na maambukizi. Koo mbili za nyoka, njia mbili tofauti, na silaha inayofanana.

Koboko ana sumu nyingine inayozivuruga neva zinazoamrisha misuli. Ukiichunguza, utaona kuwa ni ndugu wa protini ambazo kazi yake ya asili ni kuvizuia vimeng'enya vya mwili visile nyama ya mwili wenyewe. Mlinzi amegeuzwa muuaji.

Kwa sababu hiyo kila nyoka humwumiza mtu kwa namna yake. Sumu ya koboko hulenga neva, hata kope za macho zikalegea na pumzi ikakatika. Sumu ya kifutu huvimbisha mguu, huvuruga damu na kuozesha nyama. Swila mwenye shingo nyeusi, ambaye hupatikana magharibi mwa Kenya, huozesha nyama pale alipouma. Fira wa msituni, anayeishi pia katika misitu ya Kakamega, yeye hulegeza misuli.

Meno nayo yalihama

Sumu bila sindano haina faida kubwa. Kifutu ana meno marefu ya mbele yanayokunjika kama kisu cha mfukoni. Koboko na swila wana meno mafupi ya mbele yasiyokunjika. Wengine wana meno ya sumu nyuma ya taya. Kwa muda mrefu wanasayansi walibishana kama haya yalizuka mbalimbali. Mnamo 2008, utafiti uliochunguza mayai ya nyoka wa aina nyingi ulionyesha kuwa meno yote hayo huanzia mahali pamoja, yaani nyuma ya taya la juu. Kwa kifutu na swila, meno huhama kuja mbele wakati nyoka mchanga angali kiinitete.

Wenye meno ya nyuma walidharauliwa zamani, na dharau hiyo ilimgharimu mtaalamu mkubwa. Mnamo Septemba 1957, huko Chicago, Karl Schmidt aliumwa kidole na boomslang mchanga, nyoka wa mitini wa Afrika ambaye yupo Kenya pia. Schmidt alidhani jino moja dogo halingemwua. Alikaa akiandika katika daftari jinsi alivyokuwa akijisikia. Siku iliyofuata akafariki kwa kuvuja damu. Sumu ile ilikuwa imechongwa kwa kufuli la damu, na damu yake ilishindwa kuganda.

Tandu, nge na nyuki

Huenda unajiuliza kama wadudu nao walifuata njia hiyo. Naam, walifuata, ila malighafi yao ilikuwa tofauti.

Sumu za nge zinafanana sana na protini ambazo wadudu huzitumia kuua bakteria mwilini mwao. Mnamo 2014 watafiti walionyesha maabarani kuwa kukiondolewa kipande kidogo tu katika protini kama hiyo, dawa ya bakteria inageuka kuwa sumu ya neva. Umbali kati ya tiba na silaha ulikuwa hatua moja.

Mwaka uliofuata iligunduliwa kuwa baadhi ya buibui na tandu, ambao si jamaa wa karibu, waliichukua homoni ile ile ya kusawazisha maji na chumvi mwilini, kila mmoja kivyake, wakaifanya sumu. Tandu hata hatumii meno. Anachodungia ni miguu yake miwili ya kwanza, ambayo imegeuka kuwa ndoano zenye sumu. Buibui nao ni aina kama 50,000, na karibu wote wana sumu. Lakini sumu ya wengi wao ni ya kuwaua inzi na mbu, na haimdhuru mtu.

Ama kuhusu nyuki, ambao wakazi wengi wa miteremko ya Mlima Elgon huwafuga, mwiba wao ulikuwa kiungo cha kutagia mayai. Hii ndiyo sababu nyuki dume hawezi kukudunga hata akitaka. Na tofauti na nyoka, nyuki hatumii sumu yake kuwinda. Anaitumia kulinda mzinga, na kwa hiyo kazi kubwa ya sumu hiyo ni kuleta maumivu yasiyosahaulika.

Baharini, konokono mmoja mwenye kombe lenye umbo la pia, anayepatikana katika Bahari ya Hindi, hutoa insulini majini. Sukari ya samaki hushuka ghafla, samaki huzubaa, naye konokono humvuta kinywani. Mgonjwa wa kisukari hudungwa insulini ili aishi. Konokono huitumia kuua.

Nguchiro abadilisha kufuli

Ikiwa nyoka anachonga ufunguo, windo lake nalo halikai kitako. Mwenye kufuli gumu zaidi ndiye anayesalimika na kuzaa. Mfano mzuri ni nguchiro, mnyama mdogo ambaye watu wa mashambani wamemwona akipigana na nyoka. Watu husema anajua majani ya kutafuna. Siri yake imo mwilini. Mwaka wa 1992 wanasayansi waligundua kuwa pale sumu ya neva ya swila inaponasa kwenye misuli ya wanyama wengine, mahali hapo kwa nguchiro pamebadilika umbo. Ufunguo unaingia, hauzunguki. Nyegere, yule mwizi wa asali, ana badiliko la namna hiyo pia, ingawa hana udugu wa karibu na nguchiro.

Kwa upande wake, nyoka naye huendelea kuchonga. Mashindano haya hayaishi, na ndiyo sababu sumu hutofautiana kutoka aina moja ya nyoka hadi nyingine. Mara nyingine hutofautiana hata kati ya nyoka wa aina moja wanaoishi sehemu mbalimbali na kula vyakula mbalimbali.

Nyoka asiyekuwa na windo la kupigana nalo hufanya nini? Huitupa silaha. Nyoka mla mayai, anayepatikana hapa Kenya, hula mayai ya ndege peke yake. Yai halikimbii wala haliumi. Nyoka huyu hana sumu, na hata meno yake yamekaribia kwisha. Anapotishwa, hujikunja na kusugua magamba yake yakalia kama mlio wa kifutu ili umwogope. Wengi huuawa kwa sababu ya mchezo huo, na hali hawana la kumdhuru mtu.

Je, swila alijifunza kutema kwa ajili yetu?

Swila wana jambo lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Kwa nini ateme sumu machoni? Hawezi kumla mtu, wala mate hayo hayasaidii kuwinda panya. Na kutema huko kumezuka mara tatu kwa nyakati tofauti: kwa swila wa Afrika, kwa swila wa Asia, na kwa jamaa yao mmoja wa Afrika Kusini.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa makundi yote matatu yaliongeza katika sumu yao kile kimeng'enya tulichokitaja, ndugu wa yule wa kongosho, nacho huzidisha maumivu machoni. Watafiti hao waliona pia kuwa kwa Afrika kutema kulianza karibu na wakati ambapo babu za binadamu walikuwa wakitengana na babu za sokwe, kiasi cha miaka milioni 7 iliyopita. Wakatoa dhana kwamba adui aliyesimama kwa miguu miwili, mwenye mikono ya kushika fimbo na kurusha mawe, ndiye aliyemlazimisha nyoka kutafuta silaha ya kumfikia kwa mbali. Dhana hiyo bado inajadiliwa. Ikiwa ni kweli, basi mate yale yanayolenga macho yalinolewa dhidi ya babu zetu.

Mmoja wa watafiti hao, Wolfgang Wüster, ndiye ambaye pamoja na Donald Broadley walimtambulisha swila mkubwa wa kahawia wa Afrika Mashariki mwaka wa 2007. Walimpa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilichoko Watamu katika pwani ya Kenya.

Sumu katika duka la dawa

Ufunguo unaofungua kufuli vibaya waweza pia kufundisha jinsi ya kulifungua vizuri. Nyoka mmoja wa Brazili huwalegeza mawindo yake kwa kushusha shinikizo la damu ghafla. Wanasayansi walipoichunguza sumu yake walipata njia ya kutengeneza captopril, dawa ya presha iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1981. Enalapril, ambayo huenda nyanya yako anaimeza kila asubuhi, ni ya ukoo huo.

Konokono wa baharini alituletea dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa mwaka wa 2004. Mate ya mjusi mwenye sumu wa Amerika yalileta dawa ya kisukari mwaka wa 2005.

Kwa nini usome lebo ya dawa

Sasa tufikie jambo linalotuhusu zaidi. Katika miaka ya 1890, Mfaransa Albert Calmette alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutengeneza dawa ya kukabiliana na sumu ya nyoka. Njia yake ndiyo inayofuatwa hadi leo katika viwanda vingi. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, isiyoweza kumwua, mpaka damu yake itengeneze kingamwili za kuikamata sumu hiyo. Kisha kingamwili hizo hutolewa katika damu, husafishwa na kutiwa chupani.

Tazama matokeo yake, msomaji. Kingamwili ya farasi hukamata ufunguo wa umbo lile lile aliloonyeshwa. Farasi aliyedungwa sumu ya nyoka wa India amejifunza funguo za India. Huko India nyoka wanaoua watu wengi ni aina nne, na hakuna hata mmoja wao anayeishi Bungoma wala Kitale. India haina koboko na haina kifutu wetu. Mamilioni ya miaka yaliyowatenga nyoka hao ndiyo yaliyotenganisha dawa zao.

Hili si jambo la darasani tu. Nchini Ghana, hospitali za mashambani zilibadilisha dawa waliyokuwa wakiitumia kwa kifutu mdogo wa huko, wakaletewa nyingine isiyolingana vyema na nyoka wa Afrika Magharibi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa vifo vya walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Madaktari walikuwa wale wale na nyoka alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni chupa.

Tatizo lilizidi pale kampuni ya Ufaransa ya Sanofi ilipoacha kutengeneza Fav-Afrique mwaka wa 2014. Hiyo ilikuwa mojawapo ya dawa zilizotegemewa sana barani Afrika, na chupa za mwisho ziliisha muda wake mwaka wa 2016. Mwaka wa 2017, Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Mwaka wa 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu kufikia 2030. Shirika hilo linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao.

Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiagiza dawa hii kutoka nje. Haitoshi kusema kuwa dawa fulani ni mbaya kwa sababu imetoka India, kwani viwanda vya huko hutengeneza pia dawa za nyoka wa Afrika. La muhimu ni lebo: je, imetaja kifutu, swila na koboko wa Afrika? Swali hilo linawahusu wanunuzi wa dawa katika kila kaunti, na mwananchi ana haki ya kuliuliza. Katika taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, Nairobi, wataalamu wa Kenya wamekuwa wakichunguza sumu za nyoka wetu na kuzipima dawa zinazouzwa, kwa nia ya kupata iliyochongwa kwa funguo za hapa.

Jiwe jeusi na sifa lisizostahili

Katika vijiji vingi vya magharibi mwa Kenya utaambiwa kuwa jiwe jeusi, lile linalobandikwa kwenye jeraha, hunyonya sumu. Kwa nini wengi huliamini? Ukikumbuka tuliyosema, utapata jibu. Nyoka wengi hawana sumu. Hata wenye sumu huuma mara nyingine bila kuitoa, kwa kuwa sumu ni ghali kwa mwili kuitengeneza na nyoka huiweka kwa ajili ya chakula chake. Mtu aliyeumwa namna hiyo angepona hata kama angebandikiwa ganda la ndizi. Jiwe ndilo linalopewa sifa. Siku sumu ilipoingia kweli, saa zilizopotea kwa jiwe ndizo zilizohitajika kufika hospitalini.

Kwa hiyo jamaa yako akiumwa, fanya haya. Mtulize, na umzuie kutembea kadiri uwezavyo. Mvue pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Tuliza mkono au mguu ulioumwa kwa kuufunga kijiti kama uliovunjika. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Mpeleke hospitalini upesi, kwa gari au kwa bodaboda akiwa katikati ya watu wawili. Usimfukuze nyoka ili umpeleke kwa daktari. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali, au maelezo ya rangi na umbo, yatatosha. Aliyetemewa na swila aoshwe macho mara moja kwa maji mengi safi, kisha apelekwe kwa daktari.

Bora zaidi ni kumzuia nyoka asije. Anayemleta nyumbani ni panya, na anayemleta panya ni mahindi. Katika mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma, msimu wa mavuno ndio wakati wa kuinua magunia kutoka sakafuni, kuziba matundu ya ghala na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Vaa viatu vya mpira ukiingia katika miwa au mahindi. Usiku tembea na tochi, na uchomeke chandarua chini ya godoro.

Ukitaka kuwaonyesha watoto nyoka bila hatari, wapeleke kwenye Makumbusho ya Kitale, ambayo ilitokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham ulioanza kuonyeshwa mwaka wa 1926. Pale kuna nyoka walio hai. Waache wamtazame kifutu kwa kioo, kisha waulize: unafikiri anakula nini? Ndilo swali la kwanza ambalo mwanasayansi wa sumu hujiuliza, kwa sababu chakula cha nyoka ndicho kilichochonga ufunguo, na umbo la ufunguo ndilo linaloamua chupa gani iwe tayari hospitalini siku mtoto wa mtu atakapofikishwa akiwa ameumwa.